Baraka ya Kopo la Tatu

Kwa miaka mitano khalati yangu Mahbuba, dada wa mama yangu, aliwaambia watu kwamba unga wake una baraka. Hakusema kwa kujigamba. Alisema kwa sauti ya chini, mkono kifuani, kama mtu anayetoa ushahidi. Kabla hajaenda umra, upishi mmoja ulimpa makopo ishirini ya visheti. Aliporudi, unga ule ule, sukari ile ile, karai lile lile, akapata makopo ishirini na mawili. Miaka miwili baadaye yakawa ishirini na matano.

"Sikuongeza hata kijiko," alikuwa akisema. "Mboni shahidi yangu."

Na Mboni, mwanamke wa Singida anayefanya kazi nyumbani kwake Mabela, hapa Maskati, mwaka wa saba sasa, aliitikia kwa kichwa. "Kweli, Mama. Hata mimi nilishangaa."

Sisi wa ukoo tuliamini. Kwa nini tusiamini? Khalati Mahbuba ni mwanamke ambaye akiokota baisa mia mlangoni kwa jirani hugonga na kuirudisha. Aliletwa Maskati kutoka Unguja akiwa na umri wa miaka kumi na mbili, akasoma kidogo, akaolewa na Aflah, fundi wa mitambo ya maji, wakalea watoto watano. Miaka kumi na moja iliyopita, watoto walipokwisha kutawanyika na nyumba ikawa kubwa mno, akaanza kuuza visheti. Kipimo chake kilikuwa kopo la maziwa ya unga, lile kubwa jekundu lenye picha ya ng'ombe, ambalo lilikuwa halikosekani jikoni kwake kwa sababu ya chai. Kopo la kwanza mumewe alilibeba hadi Mutrah, kwenye duka la viungo la rafiki yake, akapima visheti vilivyolijaa.

"Kilo u nusu kamili," Ammi Aflah alimwambia aliporudi. "Riali sita. Usiwapunguzie watu, Mahbuba."

Mwaka uliofuata Ammi Aflah akafariki. Maneno yake yakabaki. Kila mteja mpya alipouliza kopo ni kiasi gani, Khalati alijibu, "Kilo u nusu, riali sita." Bei ya mafuta ikapanda, bei ya iliki ikapanda, yeye akabaki na riali sita zake. Tulimsifu kwa hilo. Mimi nilimsifu kuliko wote.

Maana mwaka jana nilimaliza chuo, fani ya biashara, nikatoka na hasira moja kubwa: kile kikaratasi cha rafuni. Nenda duka kubwa lolote la hapa uone. Bei imeandikwa kwa tarakimu nene za kukukamata shingo. Chini yake, kwa herufi za kutafutia miwani, kuna bei ya kilo moja au lita moja, na mara nyingine haipo kabisa. Hiyo ndogo ndiyo bei ya kweli. Hiyo nene ni bei ya mfuko, ya rangi, ya picha. Mtu asiyejua bei ya kipimo kimoja anatembea dukani amefungwa macho, na mimi naamini, na nitaendelea kuamini, kwamba anayefaidi kufungwa macho kwa mtu mwingine hana haki ya kujiita mfanyabiashara.

Alhamisi moja nilimpeleka Khalati dukani. Akaenda moja kwa moja kwenye sukari, akaukumbatia mfuko wa kilo tano.

"Ngoja, Khalati. Huo wa kilo mbili bei gani?"

"Baisa mia saba na themanini. Lakini mkubwa ndo rahisi, mwanangu. Mkubwa siku zote rahisi."

"Mkubwa ni riali mbili na baisa hamsini. Gawanya kwa tano."

"Ewe Muatasim, mimi nimekuja kununua sukari, sikuja mtihani."

Nikamgawia mimi. Mfuko mkubwa, kilo moja baisa mia nne na kumi. Mfuko mdogo, kilo moja baisa mia tatu na tisini. Akanitazama, akautazama mfuko aliokuwa ameukumbatia.

"Yaani nnabeba mzigo mzito ili nilipe zaidi?"

"Ndiyo."

"Na wameweka hivi makusudi?"

"Wanajua watu hawagawanyi."

Akauweka chini kwa nguvu hadi mfanyakazi wa rafu akageuka. Pale pale nikamfundisha njia ya mkato, kwa sababu pesa yetu imemrahisishia kazi mnunuzi. Riali ina baisa elfu moja. Kilo ina gramu elfu moja. Kwa hiyo kitu cha riali nne kwa kilo ni baisa nne kwa gramu. Cha riali tano ni baisa tano kwa gramu. Huhitaji simu wala karatasi. Khalati aliirudia mara tatu, akaishika, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa salama. Alikuwa akimwita mfanyakazi wa duka, "Njoo, mwanangu, nisomee hii ndogo hapa," kisha akitoa hukumu mbele ya watu. Shoga yake Masouda, anayekaa Al Amerat, aliwaambia wenzake, "Siku hizi Mahbuba akiingia dukani, rafu zinasimama wima."

Haya yote nayaeleza ili ieleweke Khalati alikuwa amesimama wapi ile Jumapili.

Jumapili hiyo zilikuja habari mbili njema. Ya kwanza, Bi Radhia, mteja wake tangu mwaka wa kwanza, alipiga simu: bintiye Lujain anaolewa, anataka makopo arobaini ya visheti, kila kopo mfuko wake na utepe wake, Ijumaa alasiri. Riali mia mbili na arobaini. Khalati alikuwa hajawahi kupata oda ya namna hiyo. Ya pili, Mahfoudh, mwenye duka dogo karibu na msikiti wetu, alikubali kuweka visheti vya Khalati dukani, lakini kwa sharti.

"Kila mfuko uandikwe uzito na bei ya kilo," alisema alipopita nyumbani. "Rafu yangu ndogo, lakini haina kitu cha kubahatisha."

"Andika kopo moja," Khalati akamwambia.

"Kopo si uzito, Khalati."

"Kopo langu kilo u nusu. Ulimwengu mzima unajua."

"Basi pima tu, kwa ajili yangu mimi nisiyekuwa ulimwengu."

Alipoondoka nikaenda kununua mizani ndogo ya jikoni, ya riali nne, nikaja nayo. Khalati akacheka. "Mizani ni ya watu wasioaminiana," alisema. Alikuwa anasema jambo ambalo kwetu halihitaji kusemwa. Katika familia zetu mtu hapimi anachouziwa na jamaa yake. Unapokea kwa mikono miwili, unasema ahsante, unaweka kwenye gari. Kupima ni kutukana.

Niliweka kopo tupu juu ya mizani, nikairudisha isome sufuri. Mboni akajaza visheti, akasawazisha kwa kiganja. Tarakimu zikapanda na kusimama: 1.203.

"Imekosea," Khalati akasema bila wasiwasi. "Kitu cha riali nne."

Nikaweka pakiti ya unga ya kilo moja ambayo haijafunguliwa. Mizani ikasoma kilo moja na gramu chache za karatasi. Nikaweka mfuko wa sukari wa kilo mbili. Kilo mbili. Nikalirudisha kopo, Khalati akalijaza mwenyewe safari hii, kwa mkono wake, akagonga ubavuni ili visheti vishuke, akaongeza. 1.214.

Karai lilikuwa bado linalia polepole jikoni. Kisha Mboni akauliza, kwa woga, "Mama, na lile kopo la kwanza?"

Kopo la kwanza lilitoboka kitako miaka mingi iliyopita na Khalati akapandia mrihani ndani yake. Lilikuwa pale pale nje ya mlango wa jikoni, limechakaa rangi, majani yamefurika. Khalati alitoka, akalishika, akalipindua. Mrihani ukatoka mzima na udongo wake, mizizi imejipinda duara kwa umbo la kopo. Akaulaza sakafuni. Akaliosha kopo, akalikausha kwa kitambaa, akalileta mezani na kuliweka kando ya lile jipya.

Sijui nieleze vipi. Upana ule ule. Wekundu ule ule. Ng'ombe yule yule, hata majani anayokula ni yale yale. Lakini la zamani lilikuwa refu kwa vidole vitatu. Mboni akakimbia stoo akarudi na kopo la pili, lililokuwa na vibanio vya nguo, akalisimamisha katikati. Yakawa ngazi: refu, la kati, fupi. Khalati akachukua kifuniko cha plastiki, kile alichokitumia miaka yote kumi na moja kwa sababu kilikuwa kizuri na hakikupasuka. Akakijaribu kwenye la kwanza. Kikaingia. La pili, kikaingia. La tatu, kikaingia.

Kifuniko kile ndicho kilichotuhadaa sote. Kopo liliposhika kutu alichukua jipya kutoka kwenye maziwa yake ya chai, akalifunika kwa kifuniko cha zamani, na macho yakamwambia ni lile lile.

Tukapima. La kwanza, tulipoziba tundu kwa kitambaa, kilo moja na nusu na gramu nne. La pili, kilo moja na gramu mia tatu na hamsini. La tatu tulishalijua.

"Nisomee nyuma," Khalati akasema.

"Khalati..."

"Nisomee hiyo ndogo, Muatasim."

Nikasoma. Kwenye kopo la kwanza, chini kabisa, karibu na mshono: kilo mbili na nusu. Kwenye la pili: kilo mbili na robo. Kwenye la tatu: kilo mbili. Miezi kadhaa mwanamke huyu alikuwa akiwaita wafanyakazi wa maduka wamsomee maandishi madogo ya watu wengine, na kopo liko mezani kwake.

Mboni alikuwa wa kwanza kufika mwisho wa njia. Nilimwona midomo ikicheza, anahesabu. Ishirini, ishirini na mawili, ishirini na matano. Akaweka mkono mdomoni.

"Kwa hiyo, Mama, ile baraka..."

"Nyamaza, Mboni."

Hakusema kwa ukali. Alikaa chini, sakafuni, karibu na mrihani uliong'olewa, akaegemeza kichwa kwenye kabati. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Nilitoa sadaka," akasema. "Kila nilipoona yamezidi nilitoa sadaka kwa shukrani. Nilikuwa nnamshukuru Mungu kwa mali ya watu."

Hapo nikalipuka. Nilisema kampuni ya maziwa ni wezi. Nilisema nitapiga picha makopo matatu kwa mstari, nizirushe mtandaoni nchi nzima, watu waone jinsi wanavyopunjwa kidole kwa kidole kila baada ya miaka michache huku ng'ombe anatabasamu. Nilisema wao ndio waliomdanganya, yeye hana kosa, hana kabisa.

"Wamenidanganya wapi?" akaniuliza. "Si umesoma wewe mwenyewe? Wameandika. Ndogo, lakini wameandika. Mimi niliandika wapi? Mimi nilisema kwa ulimi huu, kilo u nusu, kilo u nusu, miaka yote."

Nikayasoma tena yale maandishi madogo.

"Nifanyie hesabu yako ile ya gramu," akasema.

"Riali sita kwa kilo moja na nusu ni baisa nne kwa gramu. Riali sita kwa kilo na mia mbili ni baisa tano."

"Kwa hiyo nimepandisha bei."

"Kopo ndilo lililopandisha, Khalati."

"Kopo lina mikono?"

Sasa niseme jambo ambalo linaniuma. Nilianza kufikiria ile oda. Riali mia mbili na arobaini, Bi Radhia, arusi, watu mia tatu, na kila mmoja wao akisikia kwamba Mahbuba anapunja. Nilifikiria Mahfoudh na rafu yake. Jina la mwanamke wa miaka sitini na mitatu ambaye hana kitu kingine cha kuuza ila jina hilo. Nikasema, "Tuanze leo kutumia kopo la kwanza. Tuzibe tundu. Nani atajua? Watapata haki yao kuanzia sasa na yaishe."

Aliinua macho taratibu. "Wewe?" akasema. "Wewe uliyetaka kupiga picha makopo ya watu?"

Mboni akageukia karai. Nilitamani na mimi ningekuwa na karai la kugeukia.

Khalati aliosha mikono, akavaa miwani, akachukua simu. Ana kundi la wateja, wanawake themanini na tatu, kuanzia Mabela hadi Wadi Kabir. Akabonyeza kurekodi, akazungumza bila kusita, na mimi nimeisikiliza sauti ile mara nyingi mno hata naijua kwa moyo:

"Asalaam alaykum. Ni Mahbuba. Nnataka mnisikilize hadi mwisho. Nimekuwa nikikwambieni kopo langu ni kilo u nusu. Leo nimepima. Ni kilo na mia mbili. Kopo limekuwa likifupishwa na mimi sikutazama. Hii ni miaka mitano. Kwanza lilipungua kidogo, kisha likapungua tena. Mliopunjwa ni nyinyi, aliyepunja ni mimi. Kila mwenye haki yake aje na chombo chake, nitampimia kilichopungua, wala asione haya. Na ile niliyoiita baraka, nisameheni, haikuwa baraka."

Akaachia kidole. Ikaenda. Nikafungua orodha ya waliosikiliza, nikaona alama za buluu zikiongezeka moja baada ya nyingine. Nilitegemea matusi. Nilikuwa tayari kwa matusi.

Haikupita robo saa, Masouda akapiga. Khalati akaweka sauti wazi.

"Mahbuba, shoga yangu, nikwambie kweli?"

"Niambie."

"Mimi nilijua."

Khalati akaisogeza simu karibu.

"Nna mizani jikoni, tangu walipoanza kunifundisha kupima chakula kwa ajili ya kisukari. Siku moja nikaviweka visheti vyako. Kilo na mia mbili. Nikapima tena. Nikaifungia mizani kabatini, nikasema, laa, mimi simpimi Mahbuba."

"Lini hiyo?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Miaka mitatu, Masouda! Ukanyamaza?"

"Nikwambie vipi? Nije nikae kwenye zulia lako, ninywe kahawa yako, nikwambie unapunja? Bora nife."

"Kwa hiyo ndo maana uliacha kuchukua. Ukanambia daktari kakukataza visheti."

"Daktari alikataza zamani sana, Mahbuba. Lini mimi nikamsikiliza daktari?"

Khalati alicheka. Kicheko kimoja, kikavu, kisha machozi yakamtoka na akakata simu. Lakini simu haikupoa. Ujumbe mmoja, wa pili, wa tano. Mmoja alipima kwa sababu alikuwa anawapelekea wanawe Uingereza na shirika la ndege linahesabu kila gramu. Mwingine mumewe alipima, akamwambia, naye akamkataza mumewe kusema tena. Mwingine alidhani labda visheti vimekuwa vyepesi. Hadi adhana ya magharibi nilikuwa nimehesabu kumi na tisa. Wanawake kumi na tisa walijua, na hata mmoja hakusema. Walimpenda, wakamwonea haya, wakaacha kununua kimya kimya. Miaka minne oda za Khalati zilikuwa zimeshuka hadi karibu nusu, na sisi sote tuliamini sababu ni kisukari. Tulikuwa tukisema, masikini, ugonjwa huu umewaingia watu wetu vibaya.

Mpaka leo nikiwaza jambo hilo nywele zinanisimama. Kampuni ilifupisha kopo na kuandika. Khalati hakusoma. Watu walipima na kunyamaza. Katika hao watatu sijui nimkasirikie nani zaidi, na mimi ni mtu ambaye hasira haijawahi kumpotea njia.

Aliyebaki kimya kabisa ni Bi Radhia. Alama zake ziligeuka buluu tangu Jumapili. Jumatatu hakuna neno. Khalati hakugusa unga. Alikaa na simu mapajani, akiuliza mara kwa mara kama mtandao upo. Jumanne asubuhi ujumbe ukaingia, mfupi: "Oda iko pale pale. Nitakuja Ijumaa na mizani yangu."

Mboni akasema, "Loo."

Khalati akasema, "Washa moto."

Makopo arobaini ya kilo moja na nusu ni kilo sitini. Ni mapishi mawili kamili. Kwa kopo la tatu mapishi hayo mawili yangetoa makopo hamsini, na kumi yangekwenda kwa Mahfoudh na kuitwa baraka. Tulianza kila siku baada ya alfajiri. Khalati alikanda, Mboni alikata na kukunja, mimi nilisimama kwenye karai na baadaye kwenye shira ya sukari, nikaungua vidole viwili na nikatukanwa kwa kuvitoa visheti kabla havijaiva.

Katikati ya kazi Khalati aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: kilo moja inamgharimu kiasi gani? Tukaketi. Unga, sukari, mafuta, samli, iliki, gesi, mfuko. Ikatoka riali tatu na baisa mia tano na hamsini, na hapo mgongo wake na wa Mboni haumo.

"Kwa hiyo nikiuza riali nne kwa kilo napata baisa mia nne na hamsini."

"Ndiyo."

"Kwa kusimama motoni siku nzima."

"Ndiyo, Khalati. Ile riali sita ya Ammi Aflah ilikuwa imeshakufa. Kopo la tatu ndilo lililokuwa likikulisha."

Akapangusa unga mikononi. Kisha akanituma kwa Mahfoudh na ujumbe: aandike riali tano kwa kilo, kwa tarakimu kubwa, juu, na bei ya mfuko chini yake, ndogo.

"Riali tano?" nilishtuka. "Hiyo ndiyo bei ile ile ya kopo la tatu! Ndiyo tuliyoililia siku nzima!"

"Ndo hiyo hiyo."

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Hii nimeisema," akajibu. "Anayeitaka anaijua. Lakini Radhia nilimwambia kilo u nusu kwa sita, na Radhia atapata kilo u nusu kwa sita."

Mahfoudh aliposikia akachukua kalamu, akaandika.

Ijumaa alasiri Bi Radhia alifika. Ni mwanamke mrefu, mwalimu mstaafu, hapotezi neno. Alisalimia, akakataa kahawa kwanza, akaiweka mizani yake juu ya meza. Mifuko arobaini ilikuwa imepangwa sebuleni, utepe wa dhahabu kila mmoja. Khalati alikaa mkabala naye, buibui lake limenyooka, mikono juu ya magoti.

"Mahbuba, nakupenda," Bi Radhia akasema. "Lakini nitapima."

"Pima."

Akaweka wa kwanza. Kilo moja, gramu mia tano na kumi na mbili. Wa pili, mia tano na tisa. Wa tatu, mia tano na kumi na tano, maana Khalati alikuwa ametia basela katika kila mfuko, visheti vichache vya mkono juu ya haki. Wa nne. Wa tano. Nilimwona Bi Radhia uso unaanza kulegea na haya zinamwingia. Mkono wake ulipofika kwenye mfuko wa sita ukasimama. Akairudisha mizani kwenye mfuko wake.

"Yatosha," akasema, macho chini. "Yatosha, dada yangu. Nimeona. Nipe hiyo kahawa."

Mboni alishusha pumzi. Mimi nilishaanza kusimama nichukue dele la kahawa. Lakini Khalati alinyoosha mkono, akamshika Bi Radhia kifundo cha mkono, si kwa nguvu.

"Haitoshi."

"Mahbuba, nakuamini."

"Mliniamini miaka mitano." Akaitoa mizani kwenye mfuko wake, akaiweka mezani tena, akangoja isome sufuri. "Hizi haya zenu ndizo zilizonifikisha hapa. Leo utapima yote arobaini, na mimi nimekaa nakutazama. Kahawa baadaye."

Akaunyanyua mfuko wa sita mwenyewe, akauweka juu, akageuza tarakimu zielekee upande wa mgeni.

"Soma," akasema. "Kwa sauti."